Jogoo wa Ma Kokuhirwa

Shangazi yangu Kokuhirwa, mjane wa Izimbya, alikuwa na jogoo mwekundu aliyeogopwa kuliko askari wa kodi. Watu walimbatiza Bwana Shauri, kama tulivyomwita mkuu wa wilaya, yule Mwingereza, kwa kuwa naye akitokea uani kila mtu alikumbuka ana kazi mahali pengine. Aliwarukia watoto waliokwenda kisimani, akampanda katekista mgongoni. Lakini tangu awepo, si mwewe si nguchiro aliyechukua kifaranga pale, na hilo shangazi hakulisahau.

Balaa likaja siku ya posa. Ta Rugaibula, mshenga wa akina Mwijage, alifika na kanzu yake nyeupe kumposa Joviana, binti wa shangazi. Hajamaliza hata kusalimu, jogoo akamchana muundi, kanzu ikalowa damu. Mzee akarudi na kibuyu chake cha rubisi, pombe ya ndizi, bila kukifungua.

"Sikanyagi hapa mpaka huyo awe mchuzi," alisema.

Joviana alimpenda kijana wao. Alilia mpaka macho yakavimba.

Wanaume wa ukoo wakaja mbio na ushauri: achinjwe! Mbele yao alikuwa Karugendo, shemeji wa shangazi. Ushauri mtamu huo! Zama zile mwanamke wa Kihaya hakuonja kuku wala yai. Alifuga, akapika, wakala wanaume.

"Ta Karugendo," shangazi alimwambia, "nyinyi mnaomhukumu ndio mtakaomla. Mimi nitabaki na sufuria ya kuosha na mwewe wa kufukuza."

Tangu hapo alimkamata jogoo kila asubuhi, akambana kwapani na kufanya naye kazi zote: kupalilia migomba kwa mkono mmoja, kugeuza kahawa iliyoanikwa juani. Akidonoa, alikiinamisha kichwa chake kwa kiganja, taratibu, mpaka atulie. Hakumpiga. Majirani walisema ujane umempanda kichwani. Jumapili alikwenda naye kanisani. Mikono yake ilijaa makovu, na mimi sijaona tena ukaidi mzuri kama ule.

Kahawa ilipokauka alituma neno: mshenga aje amchinje mwenyewe.

Ta Rugaibula akaja kwa baiskeli kutoka Muleba, fimbo mkononi. Shangazi akapiga magoti kumsalimu, akamweka jogoo miguuni pake, na kisu pembeni. Bwana Shauri akautazama ule muundi wenye kovu. Akajikung'uta, akaanza kudonoa sisimizi.

"Umemfanya nini, Ma Kokuhirwa?"

"Nimekaa naye, Tata."

Mzee akaitazama mikono ile kwa muda. Kumpa mshenga chakula kisicho na kuku ilikuwa aibu, sote tulijua, na mate yalishamjaa Karugendo. Mzee akakisukuma kisu kando kwa fimbo.

"Pika maharage," alisema. "Binti tunamchukua."

Basi Joviana akaposwa kwa ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage, Karugendo akala amenuna. Na kwa kuwa hapakuwa na kuku, siku ile shangazi alikula chakula kilekile walichokula wageni wake.