Fuvu Lililotazama Ukutani

Siku Kitheka alipotangaza kwamba matembezi ya Jumamosi yatapanda mlima wa Sagalla hadi kwenye pango la wazee wa ukoo wa akina Mwaviswa, Mwalimu Priscilla Saru alitamani angekuwa amesikia vibaya. Hata hivyo alitabasamu, akaitikia kwa kichwa kama wenzake.

"Mwalimu, huko si ndiko kwenu?" Kitheka akauliza.

"Ni kwa marehemu mume wangu."

"Basi kazi imekwisha! Wewe ndiye utakayezungumza. Na ujiandae, maana wageni wa siku hizi wanauliza mpaka mbuzi anaitwa nani."

Watu wakacheka. Kitheka alikuwa Mkamba wa Voi, baba yake aliingia mjini kufanya biashara akakaa moja kwa moja, na mwana alikuwa na mdomo usiokosa mzaha. Yeye ndiye aliyeanzisha kile kikundi cha kuwatembeza watu na kuwasimulia historia: stesheni ya zamani, makaburi ya askari wa vita, njia za miguu za mababu. Priscilla alijiunga baada ya kustaafu ualimu. Alikuwa amefundisha historia karibu maisha yake yote, na watu walipenda kumsikiliza kwa sababu hakupayuka wala hakubahatisha. Alijua mengi ya Voi. Kuhusu pango la Sagalla alijua jambo moja tu, na hilo ndilo lililomnyima usingizi wiki nzima.

Yeye mwenyewe alizaliwa Mgange, upande wa Dawida, milima mingine ya Wataita. Reuben alipomwoa na kumleta Sagalla, mama mkwe alimpeleka hadi mlangoni mwa pango akamsimamisha nje, akamwonyesha wazee. Mafuvu yalipangwa mstarini chini ya mwamba, nyuso zikitazama nje, kama watu waliokaa barazani wakingoja jua lipungue. Yote isipokuwa moja. Mwishoni mwa mstari palikuwa na mmoja aliyewapa wenzake kisogo, uso kwenye ukuta wa jiwe.

"Na yule, mama?"

"Yule usimwulize. Na ukijaliwa watoto wa kiume, jina lake lisitajwe nyumbani mwako."

Bibi arusi hakuuliza tena. Hakuwa na haja, kwa sababu nyanya yake wa Mgange alishamweleza zamani: mzee aliyegeuzwa uso ni yule aliyekataliwa na wenzake, mchawi au mwuaji. Priscilla akafunga mdomo. Reuben naye hakuligusia jambo hilo hata siku moja, na alipokufa alizikwa na kimya chake. Priscilla akawalea Elsie na Austin kwa heshima. Elsie alikuwa muuguzi, Austin dereva wa trela za Kongo, na hapakuwa na mtu Voi aliyeweza kunyoosha kidole kuelekea nyumba ile.

Sasa angesimama mbele ya wageni wenye simu mkononi, na mmoja wao bila shaka angeuliza: yule mbona amegeuzwa?

Laiti ingekuwa aibu peke yake. Kulikuwa na shemeji yake, Mzee Ronald, kaka mkubwa wa Reuben, aliyeishi peke yake hatua chache kutoka pangoni. Macho yake yalikuwa yameharibika kwa ugonjwa, mekundu, karibu haoni. Mwaka uliopita, katika kijiji kimoja cha mbali, mzee wa namna hiyo alitolewa nyumbani kwake akapigwa akiitwa mchawi, na maneno yalianza kwa mzaha tu matangani. Priscilla alijua jinsi maneno yanavyokua. Nyumba ya wachawi. Damu ya wachawi. Na pale juu mlimani mzee kipofu, mlango wake wa mbao usio na komeo.

Ijumaa mchana akapanda bodaboda hadi Sagalla. Alibeba sukari na mkate ili akiulizwa awe na jibu. Ronald alikuwa amelala. Priscilla akapita nyuma ya nyumba, akashika njia ya pangoni huku akigeuka nyuma kila jani likitikisika.

Mwanamke aliyeolewa pale hagusi wazee. Hilo alilijua vizuri. Akafunika mikono kwa leso, akainama, akashika fuvu la mwisho. Lilikuwa jepesi kuliko alivyodhani, jepesi kama kibuyu kikavu, na lilipoinuka mchanga ukamwagika ndani yake ukitoa sauti ndogo ya kunong'ona. Alilipindua haraka likatazama nje kama mengine. Mashimo ya macho yakawa yanamtazama yeye. Akatoka kinyumenyume, akiuma ulimi ili asipige kelele, na sukari na mkate akavipeleka nyumbani kwa Ronald akaviacha mezani bila kumwamsha.

Jumamosi wageni walipanda wakihema na kucheka. Kitheka alikuwa mbele, Priscilla nyuma. Pangoni Ronald alikuwa tayari amesimama na fimbo yake, pamoja na majirani wawili walioleta mbangara, ile pombe ya miwa, ndani ya kibuyu. Wazee husalimiwa kwanza kabla mgeni hajaingia.

Ronald alimimina kidogo chini. Kisha akampa jirani fimbo, akanyoosha mkono, akauweka juu ya utosi wa fuvu la kwanza.

"Baba mkubwa, habari ya kukaa. Umeletewa wageni."

Akasogea kwa la pili, akalitaja jina lake, akauliza hali. Kisha la tatu. Kiganja kilipapasa utosi, kikashuka mpaka kwenye paji la uso, kikaendelea. Priscilla akaufuata mkono ule kwa macho. Kwa miaka yote ile hakuwahi kumwona shemeji yake akiwasalimia wazee, na hakuwahi kufikiri kwamba asiyeona huwajua watu wake kwa mkono.

Mzee akafika mwisho. Hapo hakutaja jina. Aliteremsha mkono kutafuta kisogo, na vidole vikaingia kwenye mashimo ya macho.

Akauvuta mkono kama aliyegusa kaa la moto.

"Nani amemgusa huyu?" Sauti ilimtoka nyembamba, kama ya mtoto. "Nauliza, nani amemgusa?"

Majirani wakatazama, kisha wakamgeukia Kitheka.

"Wewe ulikuja hapa juzi na simu yako."

"Nilipiga picha tu, wazee wangu. Nikiwa nje kabisa."

"Picha! Umekuja kuwachezea wazee wetu uwatie kwenye mtandao! Kwenu Ukambani hakuna makaburi?"

"Jamani, mimi nimezaliwa Voi hapo chini..."

"Funga mdomo!" Mmoja wao alikuwa tayari na fimbo ya Ronald, ameiinua begani. Wageni wakarudi nyuma wakikanyagana. Mzaha wote ulikuwa umemwisha Kitheka. Akamtafuta Priscilla kwa macho.

"Mwalimu, waambie. Wewe unanijua."

Priscilla aliona mambo yote kwa uwazi wa kutisha. Akinyamaza, hakuna atakayemdhania. Nani amdhanie mwalimu mstaafu, kiongozi wa akina mama kanisani? Kitheka angepigwa, angefukuzwa, na jina la nyumba lingebaki safi. Fimbo ikapanda juu zaidi.

"Ni mimi," Priscilla akasema.

"Mimi nani?" Ronald akageuza uso.

"Saru, shemeji. Mke wa Reuben. Niligeuza mimi, jana."

Fimbo ikashuka.

"Kwa nini?"

"Niliogopa watasema alikuwa mchawi. Halafu waje kwako."

"Mchawi?" Ronald akauliza. "Nani alikuambia?"

"Mama alinikataza hata kumwuliza. Na kwetu Mgange, aliyegeuzwa..."

"Kwenu Mgange! Hapa ni Mgange?" Alitema mate pembeni. "Wanawe wawili walichukuliwa kubeba mizigo, vita vya Wajerumani. Wakapitia Maungu, hapo chini njiani. Hakurudi hata mmoja. Kabla hajafa aliwaambia wenzake wasimkalishe akitazama boma. Wamkalishe penye ufa, aangalie njia. Wamama wetu wakaogopa kumtaja mbele ya watoto wa kiume, wasije nao wakaitwa na njia. Ndiyo hayo. Uchawi umeuleta wewe, mwalimu."

Wageni walikuwa wamesikia kila neno.

"Aliyemgeuza amrudishe," Ronald akasema. "Na kwa mikono mitupu."

Priscilla akapiga magoti. Mfupa ulikuwa baridi, na alipolipindua fuvu likagonga jiwe.

"Polepole. Mimi sioni. Weka kichwa chako nyuma ya chake, uniambie anaona nini."

"Anaona ukuta."

"Msogeze."

Akainama zaidi, shavu likikaribia mchanga, na kutoka hapo chini akauona ufa ambao mtu aliyesimama hawezi kuuona. Mwanga ulipenya.

"Naona vichaka... Naona reli."

"Bado."

"Naona barabara. Naona malori, yameegeshwa Maungu."

"Hapo. Mwache hapo."

Alimwachia, lakini hakuweza kuinuka. Kwa mbali trela moja ilikuwa ikitoka kwenye mstari wa malori, ndogo kama mdudu. Nyuma yake alimsikia Kitheka, kwa sauti ya chini asiyoizoea, akiwaomba wageni wavue kofia.

"Shemeji," akasema bila kugeuka. "Alikuwa akiitwa nani?"

"Austin yuko wapi?"

"Njiani."

Mzee akapapasa hewani mpaka akaipata fimbo yake mkononi mwa jirani.

"Basi utaniuliza akirudi."