Mwenge Niliofumua

Harufu ya kitambaa cheupe cha pamba chini ya pasi ya moto ndiyo inayonirudisha. Nikipita mbele ya duka la dobi hapa Etterbeek, ninakopanga chumba kwa sasa, miguu husimama yenyewe. Katika nyumba yetu ya ghorofa ya tatu kule Jette, harufu hiyo ilichanganyika na mafuta ya cherehani na samaki mkavu aliyekuwa akichemka jikoni. Alfajiri Mama alisafisha sakafu za hospitali, mchana akashona. Kila mwaka, Juni ilipokaribia, watu wa Lubumbashi waishio Brussels walimwagiza kofia za sikukuu ya Uhuru: kapelo nyeupe zenye ukingo mbele kama za wachezaji wa besiboli, na juu ya paji la uso mwenge wa bendera yetu, umetariziwa kwa nyuzi za kijani, njano na nyekundu.

Mimi nilikusanya zilizokosewa. Kila mwaka kulikuwa na moja iliyopinda, nayo ikawa yangu. Ukizipanga kwa miaka uliona mkono wa Mama ukibadilika. Kwenye ya kwanza moto wa mwenge ulifanana na nyanya iliyopasuka. Mwaka uliofuata duara lilikuwa la rangi ya chungwa, kwa sababu uzi wa njano ulimwishia. Mwaka mmoja wakubwa wa chama cha watu wetu walitaka chui badala ya mwenge, naye Mama akatoa paka mwenye madoa. Watu walicheka hadi Krismasi. Nilipofika miaka kumi na mitatu nilikuwa nazo nane ndani ya sanduku chini ya kitanda, na juu ya hizo nane, ya tisa, ambayo haikushonwa Brussels.

Hiyo ilikuwa ya Baba. Alikuwa fundi wa reli Lubumbashi, naye alipewa kofia ile kwa ajili ya gwaride. Tulipoondoka nilikuwa na miaka mitano. Yeye alibaki amuuguze bibi, akanivika kofia yake uwanja wa ndege, ikanifunika mpaka puani. Akasema, "Nitaifuata." Hakusema atatufuata sisi, alisema kofia, na mimi nilimwelewa hivyo hivyo alivyosema. Mama alipoanza kutarizi aliiga mwenge wa kofia hiyo, kwa hiyo kwa nje ilifanana na nyingine zote. Ilijulikana kwa ndani tu, kwenye utepe unaogusa paji la uso, ambapo Baba alishona kimsalaba cha uzi wa bluu ili wenzake wasiichukue.

Mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi na mitatu, Zaire ikarudi kuwa Kongo. Mwenge ukaondoka, bendera ikawa ya bluu yenye nyota za njano. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Ilikuwa Mei, na kofia sitini zilikuwa tayari mezani, mwenge juu ya kila moja. Tonton Ferdinand, mkubwa wa chama chetu, alipanda ngazi akihema.

"Maman Régine, bon, ule mwenge hatuutake tena. Weka nyota."

"Tonton, zimekwisha! Soixante, zote sitini!"

"Alors, fumua. Una mutoto mukubwa pale, anakula tu."

Basi nikafumua. Belgiki Jumatano mchana hakuna shule; Jumatano zote za msimu ule, na Jumamosi pia, nilikaa dirishani na wembe, nikikata uzi mmoja mmoja kwa nyuma na kuuvuta kwa mbele. Mama hakuruhusu uzi utupwe. Vipande vyote vilitiwa katika chupa ya kahawa. Vidole vilikufa ganzi. Nilikuwa na haraka ya kwenda kucheza mpira, na haraka haraka haina baraka: wembe ulipenya kitambaa mara nane. Mama alizitazama zile kofia zilizochanika, akanitazama mimi.

"Umekata nane, utaleta nane. Leta zile za sanduku lako." Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Ya baba yako uiache."

Nilizitoa nane, nyanya na paka na yote, nikaanza kuzifumua. Na kwa sababu nilikuwa na huzuni, nikavaa ya Baba nikifanya kazi. Jua la Juni liligonga kioo, kichwa kikalowa jasho. Nilivua kofia, nikaiweka mezani, nikaenda kunywa maji. Niliporudi nilichukua iliyokuwa karibu na mkono. Nakumbuka kofia moja ambayo nyuzi zake zilikuwa kaidi kuliko nyingine. Niliilaani kimoyomoyo, nikaendelea. Jioni nikairudisha sandukuni ile moja iliyobaki, bila kuitazama.

Niligundua Jumapili ya sherehe, nilipofungua sanduku ili niivae. Palikuwa na kofia moja tu, ile ya nyanya, ambayo mwenge wake sikuufumua. Majuto ni mjukuu, huja baadaye. Yangu yalikuja nikiwa bado na nguo za ndani.

Ukumbi ulikuwa mtaa wa pili kutoka Porte de Namur. Vichwa sitini vyeupe, nyota sitini. Nilianza kwa Tonton Ferdinand.

"Tonton, naomba nione ndani ya kofia yako."

"Ndani kuko upara tu, mutoto. Unatafuta nini?"

"Maman Régine!" mwanamke mmoja akapaza sauti. "Mutoto yako iko napima batu chawa!"

Walicheka, lakini walivua. Niliangalia kofia kama kumi hivi kabla ya wakubwa kuchoka nami. Halafu chakula kikaja, na padri akaomba tusali. Wanaume wote wakavua kofia, wakazishika kifuani, ndani ikitazama juu. Wakafumba macho. Mimi sikufumba. Nilitembea katikati yao taratibu, nikakiona kimsalaba cha bluu, chini ya kidole gumba cha mzee mmoja aliyetoka Liège. Padri alikuwa akiwataja waliobaki nyumbani, na machozi ya yule mzee yalidondokea ndani ya kofia. Nilinyoosha mkono. Mkono mwingine ukanishika: Mama, naye macho wazi.

"Amina," watu wakasema, na kofia ikarudi kichwani.

Nje aliniambia, "Ukimuvua muzee kofia mbele ya batu, umemuvua heshima. Baba atakuja na nyingine, Patrick."

Baba hakuja. Vita vilifuata, barua zikakatika, na tulipopata habari zake alikuwa amezikwa muda mrefu. Mimi nikamaliza sekondari nikaanza kuhamahama: Liège, ambako nilitazama vichwa vya wazee wengi, kisha Lille, Antwerp, sasa Brussels tena. Bendera imebadilika mara nyingine. Bado nakusanya kofia za Juni. Siku hizi huletwa kwa maboksi, nyota imechapwa kwa mashine, na ukiifua mara mbili inabanduka kama ngozi iliyoungua. Huwezi kuifumua. Hakuna uzi.

Juzi nilikwenda Jette. Macho ya Mama yamefifia, cherehani imekuwa meza ya dawa. Nilikuwa nimechoka kubeba mambo, nikamuuliza kama siku ile ukumbini ndipo alipojua kuhusu kofia ya Baba.

"Hapana," alisema. "Nilijua mbele ya ile siku, nikiweka nyota, nikaona kimusalaba. Mwenge ulikuwa umeisha kutoka. Ningekurudishia nini, mutoto yangu? Kofia yenye matundu? Ungejua ni mukono yako."

Akaniagiza kabatini. Chupa ya kahawa ilikuwa bado pale, imejaa kijani, njano na nyekundu. Nimeiweka dirishani hapa Etterbeek. Mwenge wa Baba umo humo, wote, bila kupungua hata uzi mmoja, pamoja na mienge ya watu wengine hamsini na tisa. Jioni, nikitoka kazini, huwa naitikisa kidogo, kisha naiacha.