Kinu Kilichokunywa Mafuriko

Wanaonijua watakwambia kwamba mimi nikikusimulia samaki wa urefu wa mkono, ukate hapo kwenye kiwiko. Sikatai. Nilizaliwa na mdomo mpana, na shule ya jioni ikaupanua zaidi. Cheti changu cha Form Four nilikipata nikiwa na miaka thelathini na minne, dawati moja na askari jela na mama wa mboga. Lakini kwa hiki ninachokuandikia hapa hakuna pa kukata. Kilitokea, nilikuwepo, na mikono yangu ilishika kamba.

Watu husema mizimu hutoka usiku. Wangu alitoka saa nane mchana. Sijui kama hilo linatisha zaidi au kidogo, amua wewe.

Tunaishi mahali panaitwa Kwa Mholanzi, bonde dogo ukitoka Molo kuelekea Olenguruone. Baridi ya huko inaweza kukupozea chai ikiwa bado kooni. Bonde lenyewe limezama kama sahani, na zamani lilikuwa kinamasi kitupu. Enzi za masetla, mzungu mmoja kutoka Uholanzi alilikausha. Alichimba mitaro, kisha akajenga kinu cha upepo cha mbao, chenye mapanga manne marefu kama lori. Tunakiita kinu, ingawa hakijawahi kusaga hata gorogoro moja ya mahindi. Kazi yake ilikuwa kuchota maji mtaroni na kuyamwaga ng'ambo ya tuta, yaende zake mtoni. Nyanya yangu alikuwa akicheka sana akikitazama: nyumba ya orofa tatu inayofanya kazi ya ndoo.

Mimi nimezaliwa nikikikuta kimekufa. Gurudumu la kuchotea maji lilikuwa limebaki na vibao vitatu, vingine vyote vilishaivisha githeri za watu. Magurudumu ya ndani yalikuwa yameng'oka meno kama mzee wa miaka mia. Mapanga yalibaki mifupa, ngazi nne zilizofungwa msalaba. Tukaweka pampu ya dizeli pale chini, ndani ya kinu, na fundi wa pampu ndiye mimi. Jamaa kumi na moja wanalima viazi katika sahani hiyo, na wote hulala usingizi kwa sababu pampu inanguruma.

Sasa sikiliza.

Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Siku ya nne, asubuhi, mke wangu Nekesa akashikwa na uchungu. Mimba ya kwanza, na tumbo lilikuwa kubwa, niamini, ungeweza kuliwekea sinia na vikombe sita. Jirani yetu Mama Njeri, ambaye amepokea watoto wengi wa bonde letu, akaingia chumbani, akakaa, akatoka akipangusa mikono.

"Baba," akaniambia, "huyu mtoto amelala upande. Mimi hapa siwezi. Ni hospitali."

"Saa ngapi?"

"Unaniuliza saa? Sasa."

Barabara ya kutoka bondeni ni moja, na inapita mahali pa chini kabisa. Siku hiyo ilikuwa ziwa. Kiptoo, kijana wa trekta, alikuwa ng'ambo na trekta yake, amesimama ukingoni akipiga kelele.

"Boss, nikiingia hapo injini inakunywa maji! Nipunguzie kidogo tu, nikuje!"

Nipunguze ziwa. Nikakimbia kwenye kinu, na kabla sijafika nikasikia kimya. Unajua kimya cha mashine iliyokuwa ikinguruma? Kinakugonga kifuani. Pampu ilikuwa imemeza gunia la viazi na kuvunjika moyo wake wa ndani. Niliinama kulivuta, simu ikaniponyoka mfukoni, ikaenda kuogelea. Na ukungu ukashuka, ule wa Molo, ambao ukinyoosha mkono unauaga.

Nilikaa juu ya pampu. Nilikuwa fundi, nina cheti, na mke wangu alikuwa anakufa hatua mia tano kutoka pale. Nitakwambia ukweli, nilianza kuomba, na maombi yenyewe hayakuwa na mpangilio.

Ndipo nikasikia harufu ya nta. Nta ya nyuki, kali, kama mtu amefungua mzinga. Nikageuka.

Mzee mzungu alikuwa amesimama kwenye ngazi, mrefu, mwembamba, kofia nyeusi, viatu vya mbao miguuni. Alikuwa akipaka nta kwenye meno ya gurudumu kubwa. Meno gani? Nimekwambia yaling'oka. Lakini pale yalikuwepo, meupe, mapya, na yeye akiyapapasa moja moja kama mtu anayehesabu watoto wake.

"Wewe," akasema. "Boi. Leta turubali."

Nikashtuka, ndiyo, lakini neno hilo lilinichoma hata kabla ya woga kunipata.

"Mzee, mimi si boi. Mimi ni fundi hapa."

Akanitazama. Macho yake yalikuwa na rangi ya maji ya mtaro.

"Fundi," akasema. "Mzuri. Fundi, leta turubali."

Alikuwa akizungumza kile Kiswahili cha masetla ambacho babu zetu walikuwa wakikiiga ili kuchekesha watoto. Hapo sikucheka. Turubali za kufunika viazi zilikuwa pale ukutani, nikachukua mbili. Akanitoa nje, akasukuma ule mti mrefu unaoshuka kutoka kofia ya kinu, lile paa linaloshika mapanga, na kofia nzima ikageuka, ikilalamika, mpaka mapanga yakaelekea upande ambao mimi sikuhisi upepo wowote. Akaniashiria nipande. Nikapanda panga kama ngazi, nikafunga turubali kamba kwa kamba, kisha akalizungusha panga la pili likashuka, nikafunga na hilo.

"Hapana pita mbele," akaniambia. "Panga yeye hapana jua mtu."

Akaachia breki.

Nikuelezeje? Hapakuwa na upepo. Ukungu ulikuwa umesimama kama ukuta wa blanketi. Na mapanga yakaondoka. Kwanza polepole, kama ng'ombe anayeamka, halafu yakakata ukungu, vuu, vuu, vuu, na kinu kizima kikatetemeka na kuanza kuimba mbao kwa mbao. Gurudumu la vibao vitatu likaanza kuchota. Nililitazama kwa macho haya. Vibao vitatu, nafasi tupu, vibao vitatu, nafasi tupu, na maji yalikuwa yakipanda yote, hata pale palipokuwa na nafasi tupu, yamejipanga kana kwamba kuna mbao zinazoyabeba. Yakamwagika ng'ambo ya tuta kwa ngurumo ambayo pampu yangu haijawahi kuitoa hata siku ikiwa mpya.

Mzee akanipa kamba ya breki. "Shika. Yeye taka kimbia, wewe hapana acha."

Nikashika. Ilikuwa kama kushika fahali. Ngozi ya viganja ilibaki kwenye kamba.

Akaketi kwenye kizingiti na kuzungumza, akitazama mapanga. Alisema kwao ni kijiji kidogo kilicho chini ya bahari. Nikafikiri amekosea neno, lakini akarudia: maji iko juu, watu iko chini. Vinu tisa vimesimama mstari mmoja, cha kwanza kinachota na kukipa cha pili, cha pili kinakipa cha tatu, hadi maji yanafika mtoni. Watu huishi ndani ya vinu hivyo. Yeye alizaliwa ndani ya kinu cha nne, na usingizi wake wa kwanza aliulala ukuta ukitetemeka.

"Nani ambia jirani habari?" akaniuliza. "Kinu."

Akanionyesha kwa mkono wake, jinsi kinavyoonekana ukisimama mbele. Mapanga yanazunguka yakipanda kutoka kulia na kushukia kushoto. Kukiwa na furaha, mtoto amezaliwa, harusi, mwenye kinu hulisimamisha panga la juu kabla halijafika kileleni, limeegemea kulia. Maana yake: linakuja. Kukiwa na msiba hulisimamisha likiwa limeshavuka kilele, limeegemea kushoto. Maana yake: limepita. Kinu cha jirani kikiona, nacho hufanya hivyo, na cha tatu, na cha nne, mpaka kijiji kizima kinajua, bila mtu kufungua mlango.

Nikamuuliza kwa nini aliondoka kwao akaja kwetu. Alisema tu kwamba mke wake alishikwa na uchungu hapa, kwenye bonde hili, mwaka wa mvua. Kinu kilikuwa bado hakijaisha kujengwa. Barabara ilikuwa maji.

"Mimi maliza kinu," akasema. "Siku ya kwanza mimi weka panga kushoto."

Unamwambia nini mtu kama huyo? Pole?

"Leo hapana," akasema mzee, na akapiga kizingiti kwa kiganja.

Ukungu ukapasuka kidogo upande wa barabara, nikaona matope pale palipokuwa na ziwa. Nikasikia trekta ya Kiptoo ikishuka, ikanyamaza mlangoni kwangu, ikanguruma tena ikipanda. Sauti ya Mama Njeri kwenye trela ilinifikia wazi kabisa: "Polepole, wewe! Hujabeba viazi!" Nekesa sikumsikia. Nilitaka kuacha kamba nikimbie. Mzee alitikisa kichwa, maana maji yalikuwa bado yakiingia kutoka mlimani, na ningeiacha kamba, kinu kingekimbia na kuvunjika, barabara ingejaa trekta ikiwa katikati. Nikashikilia. Sijui saa ngapi zilipita. Mikono ilikufa, mabega yakafuata.

Kisha mzee akasimama, akavua kofia. "Fundi. Tosha."

Akaichukua kamba mikononi mwangu. Vidole vyake vilikuwa baridi kama bomba la asubuhi. Nikakimbia bila kuaga. Hilo linaniuma mpaka leo.

Nilipanda kilima kwa miguu, matope magotini, jua la jioni limetoka. Nikiwa juu nikageuka nyuma. Kinu kilikuwa kimesimama, turubali zangu za bluu zinang'aa juu ya mapanga. Na panga la juu lilikuwa limeegemea kushoto.

Limepita.

Nikakaa pale pale kwenye matope. Sikulia kwa sauti, nguvu hizo sikuwa nazo. Nilimtazama Nekesa kichwani, siku tuliyokutana, akinicheka kwa sababu nilikuwa nimebeba vitabu vya shule na ndevu. Nikafikiri, nitarudi kwenye nyumba ile, nitavuta mlango, nitaona leso yake kwenye kamba.

Trekta ikanikuta hapo. Kiptoo akazima injini, akanitazama kutoka juu.

"Sasa boss? Mbona umekaa kwa barabara kama kuku mgonjwa?"

"Niambie tu," nikasema.

"Nikuambie nini? Umepata msichana. Wamempasua mathe, wakamtoa. Analia kama honi ya lori za Salgaa. Nekesa ameamka, anauliza kama umekula."

Nikamwambia anadanganya. Nikamwonyesha kinu, panga limeegemea kushoto, nikamweleza maana yake, na yeye akanisikiliza kama mtu anayesikiliza mlevi. Kisha akasema, "Lakini wewe uko mgongoni mwake. Mtu akikuangalia, mkono wake wa kulia uko kushoto kwako, si ndiyo? Na akikugeuzia mgongo, uko wapi? Zunguka mbele uone."

Tulishuka pamoja. Tukazunguka. Ukiwa mbele, panga lilikuwa limeegemea kulia.

Linakuja.

Ndani hapakuwa na mtu. Magurudumu hayakuwa na jino hata moja. Gurudumu la maji lilikuwa na vibao vyake vitatu, vimelowa. Kiptoo, ambaye alikuwa amekuja kunicheka, alinusa ile nta, akatazama turubali juu ya mapanga ambayo hata upepo wa Agosti haujawahi kuyasogeza, akaenda kungoja kwenye trekta.

Msichana wetu ana miaka minne sasa. Kanisani ana jina zuri la Biblia, lakini bonde zima linamwita Mholanzi. Viganja vyangu havijaota ngozi sawasawa, na nikitokwa jasho vinanuka nta. Nyuki hunifuata sokoni hadi wauza miwa wananifukuza. Na kinu kinatoa habari. Hatujawahi kuona kikisogea. Unaamka tu, unakuta panga limehama. Mzee Rotich alipokufa hospitalini, tulijua kabla ya simu. Mapacha walipozaliwa, vivyo hivyo.

Basi mwaka jana vijana fulani walikuja kupiga video. Walisukuma mapanga wakicheka, wakaondoka, panga la juu likabaki upande wa kushoto. Njeri, binti ya Mama Njeri, ana mume anayeendesha lori usiku na mchana, na tangu usiku huo alikuwa hapokei simu. Njeri alitoka nyumbani asubuhi yake, akatazama kinu, akaanguka na ndoo yake. Alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mume alirudi jioni, mzima, amenunua mkate. Mimba haikurudi.

Kesho yake panga lilikuwa pale pale kushoto. Tulijaribu kulisogeza, wanaume sita na trekta, halikusogea. Lilikaa hivyo siku arobaini.

Kwa hivyo ukipita kwetu, karibu. Tutakupa viazi, tutakupa chai, mimi mwenyewe nitakupigia picha mpaka simu ichoke. Lakini mapanga yale usiyaguse hata kwa kidole. Kuna mtu dirishani mahali fulani ndani ya bonde lile, anayatazama, na hana habari nyingine yoyote.