Virve, fundi wa bembea aliyeshindwa kujenga kwao

Saa kumi na mbili asubuhi, jua la Juni limeshapanda juu ya misonobari ya Kuresilla, kisiwani Hiiumaa. Virve Kaljuste anafunga mifuko ya mchanga kwenye jukwaa la bembea mpya, analisukuma mara moja, kisha anarudi nyuma na kukunja mikono. Bembea inakwenda na kurudi bila mtu. Yeye anasikiliza.

"Wee Virve, hiyo mifuko inafaidi kuliko sisi!" anapaza sauti jirani yake, Ülo, akipanga kuni za moto wa sikukuu ya kesho. "Watu utaturuhusu lini?"

"Tulia. Mchanga ukianguka hauumii."

Ülo anaanza kucheka, kisha anarudia kuni zake. Katika uwanja huu, kuanguka si jambo la mzaha.

Virve, mwenye umri wa miaka hamsini na sita, hujenga bembea za kijiji, zile kubwa za magogo ambazo watu wanane husimama pamoja na kuziendesha kwa kuchuchumaa na kuinuka. Mwaka mzuri hujenga nne, mwaka mbaya moja, na majira ya baridi hukarabati mapaa ili apate riziki. Amejenga kisiwa jirani cha Saaremaa, amejenga Võru huko bara, amevuka mpaka hadi nchi ya Latvia. Kijijini kwao hakuwahi.

Alikuwa na miaka kumi na tisa. Ilikuwa jioni ya mkesha wa Jaani, sikukuu ya moto ya katikati ya kiangazi, na bembea ya zamani, iliyojengwa na baba yake, ilikuwa imejaa vijana. Mdogo wake Heino alisimama pembeni kabisa. Ülo alikuwa amesimama naye bega kwa bega. Ekseli, chuma cha juu kinachobeba bembea nzima, ikakatika.

"Ilikatika bembea ikiwa chini," anasimulia Virve. "Watu hudhani hatari iko juu, pale moyo unapokuruka. Kule juu bembea inasimama kidogo tu, inageuka. Ikipita chini ndipo inapokimbia kuliko popote, na ndipo chuma kinapobeba mzigo mzito kuliko wote. Baba alilijua hilo. Asichokijua ni ufa uliokuwa ndani ya chuma."

Heino alikata roho kabla hawajafika hospitali. Ülo alivunjika nyonga, na mpaka leo anachechemea. Baba yao Virve na Heino aliipasua bembea kwa shoka, akaichoma yote, na hakushika tena randa mpaka alipozikwa. Mama yao, Salme, hakukanyaga tena uwanja huu.

"Hakuna aliyetulaumu usoni," anasema Virve. "Lakini nikiingia dukani, watu walikuwa wananyamaza."

Alikwenda bara kujifunza useremala, na huko akajikuta anarudi kwenye kitu kilekile kilichomuua mdogo wake. "Nilitaka kujua ilikuwaje. Nilipojua, sikuweza tena kukaa kimya nikiona watu wanajengewa ovyo."

Anaonyesha juu, kwenye ekseli. Anaeleza kwamba apande mtoto mmoja au wapande wanaume wanane, muda wa kwenda na kurudi ni karibu uleule. Kinachoubadilisha hasa ni urefu wa miti inayoning'iniza jukwaa. Ndiyo maana mifuko ya mchanga humtosha kuijaribu: huisukuma mara moja, kisha huiacha bembea ife yenyewe. "Inatakiwa ipungue taratibu, kama mtu anayepitiwa na usingizi. Ikizimika haraka, ujue kuna kitu kinasuguana huko juu."

Majira ya baridi yaliyopita, Ülo alibisha hodi kwake. Alikaa jikoni, akamaliza kahawa. Kisha akasema, "Dada, wajukuu zangu wanafunga kamba kwenye miti ili wabembee. Mpaka lini?"

"Kamuulize mama," Virve akamjibu.

Ülo alikwenda. Salme alimsikiliza, akafunga mlango. Wiki ikapita. Ndipo siku moja, akimenya viazi, akamwambia binti yake bila kumtazama: "Chuma kiwe kipya. Usije ukaokoteza."

Saa nne asubuhi hii, Salme, mwenye miaka themanini na minne, anatokea njiani na mkongojo wake. Virve anaweka nyundo chini. Anakwenda moja kwa moja kwenye nguzo na kuigusa kwa kiganja.

"Nipandisheni."

"Mama, magoti yako..."

"Magoti ni yangu. Ülo, njoo unishike."

Virve anafungua mifuko, anaishusha, kisha wanampandisha, na Ülo anasimama naye bega kwa bega. Virve anasukuma kidogo. Bembea inachukua mwendo wake. Bibi kizee amekaza vidole kwenye ukingo, macho wazi, kitambaa cha kichwa kikipeperuka. Hakuna anayeigusa mpaka inapotulia yenyewe.

"Heino alikuwa anaipenda sana bembea," anasema Salme. "Miaka yote hii nakumbuka alivyokufa. Nilisahau kwamba alikuwa anacheka."

Virve anageuka upande, anajifuta uso kwa mkono wa shati. Baadaye, akikusanya vifaa, anakiri kwamba tangu jioni ile hajawahi kupanda bembea yoyote, hata moja kati ya alizojenga. Huwasukuma wengine tu.

Kesho, moto ukishawashwa, anataka kusimama pale pembeni, mahali pa Heino.

"Nitaogopa," anasema. "Lakini nitapanda."