Siku Mtu wa Benki Alipogonga Milango Sita

Mama alinizaa mimi peke yangu. Nalisema hili mapema kwa sababu kuna karatasi ya benki inayosema vingine.

Tulitoka Kianda, kule Kibera, nikiwa darasa la nne, tukahamia Kawangware upande wa Kongo. Tulipata nyumba ya mawe, vyumba viwili, mbele ya ploti. Nyuma kulikuwa na vyumba sita vya kupangisha, choo kimoja na bafu moja. Mwenye ploti, mzee aliyeishi shambani kwake nje ya mji, alimpa mama kazi ya kuitunza. Mama akawa anakusanya rent, anafunga geti na kuamua ugomvi wa foleni ya bafu.

Alikuwa na sheria moja tu. Mtu yeyote akiingia getini na faili mkononi, awe wa kaunti, wa stima au wa ushuru, kila mpangaji aseme yeye ni wa familia. Mzee akisumbuliwa na watu wa faili, alikuwa anaongeza rent, na hilo hakuna aliyelitaka. Kwa hivyo mpangaji mpya alifundishwa sheria kabla hata ya kuonyeshwa choo.

Miaka miwili iliyopita mzee aliamua kuuza. Alimpigia mama simu kwanza, na hilo namshukuru. "Mama, nakupa nafasi kabla ya wengine. Ukishindwa, kuna jamaa anataka kubomoa ajenge gorofa." Mama alikuwa ameishi pale miaka thelathini. Hakulia, lakini usiku huo aliufagia ua ambao tayari ulikuwa umefagiwa.

Mimi ni karani wa hospitali, nina payslip, nikaenda benki kuomba mkopo wa nyumba. Wakasema watanikopesha, mradi mthamini wao aje aone kama ploti inafika bei ya mzee. Nyumba ya mbele peke yake haingefika. Vyumba vya nyuma vikihesabiwa na rent yake, ingefika, tena vizuri. Nilimweleza mama hivyo mara mbili.

Jioni kabla ya mthamini kuja, mama aliwaita wapangaji uani. "Kesho anakuja mtu wa benki," akawaambia. "Tafadhali, msiniaibishe." Basi. Nilikuwa nimekaa pale pale nakata sukuma wiki, na sikuona kasoro yoyote.

Mthamini alikuja saa nne asubuhi, kijana mwembamba, viatu safi, faili kwapani. Mama alikuwa ameosha vitambaa vyote vya makochi. Mthamini hakuvitazama. Alitazama dari, akagonga ukuta, akafungua mfereji, akapima vyumba kwa kamashine kanakotoa taa nyekundu. Kulikuwa na ufa ambao mama alikuwa ameufunika na kalenda. Aliitoa kalenda kwa upole, akapiga picha ya ufa, akairudisha kwenye msumari wake. Sikumpenda kwa hilo, ingawa alikuwa anafanya kazi yake.

Halafu akataka kuona alama za mpaka. Mama alikuwa jikoni na chai. Mimi nikaenda nyuma ya choo kufukua ile ya kona, iliyokuwa imezikwa na takataka za miaka. Nilichimba kwa jembe kama robo saa. Niliporudi na matope hadi kwenye viwiko, mthamini alikuwa amefika mlango wa sita, kwa fundi wa viti kutoka Kitui.

"Unalipa rent ngapi hapa?" mthamini alikuwa anamuuliza.

"Rent? Rent ya nini, boss? Huyu ni mathe wangu. Mtu hulipa mathe wake?"

Fundi alikuwa na mvi nyingi kuliko mama. Kiswahili chake ni cha Ukambani wazi wazi, na mama yangu ni Mluhya wa Kakamega. Mthamini alimtazama, akamtazama mama aliyekuwa anakuja na thamosi, akaandika.

"Woi!" mama akasema. "Hapana, hapana. Hawa ni wapangaji, wote. Fundi, hebu mwambie ukweli!"

Fundi akamkonyezea jicho. "Mathe, usijali. Nishamwambia."

Ningecheka kama ingekuwa ploti ya mtu mwingine.

"Mama, nimegonga milango sita," mthamini akasema, bila ubaya wowote. "Wote wamesema ni watoto wako. Kuna risiti? Kuna mkataba wa upangaji?" Hakukuwa na kitu. Mzee hakuwahi kutaka karatasi. Nilimpigia simu nikiwa nimesimama pale pale, nikamwomba athibitishe rent. "Jina langu lisionekane kwa mambo ya rent," akasema, akakata. Mthamini akanywa chai, akala mandazi mawili, akashukuru, akaenda zake.

Wapangaji walipoelewa, walitoka wote uani. Mama wa samaki, wa chumba cha tatu, ndiye aliyelia. "Mathe, si ulisema tusikuaibishe?" Ni kweli mama alisema. Walitaka kwenda benki siku hiyo hiyo, wote, na vitambulisho. Nilipiga simu kuuliza. Nikaambiwa kwamba watu waliosema wao ni familia, kisha wakageuka kusema ni wapangaji, hawabadilishi ripoti. Nilikasirika sana, na sikujua nimkasirikie nani.

Ripoti ilitoka baada ya wiki mbili. Ilikuwa ya Kizungu, nikamsomea mama kwa Kiswahili. Nilipofika penye vyumba vya nyuma, nilisoma kwamba vinakaliwa na watoto wa mama wa nyumba, watu wazima kumi na mmoja, bila malipo, na kwamba ploti haina mapato. Thamani ilikuwa chini ya bei ya mzee, na mkopo usingetosha.

"Soma hapo tena," mama akasema.

"Pa thamani?"

"Hapana. Hapo juu."

Nikasoma tena. Mama akaomba ule ukurasa, akaukunja mara mbili, akautia ndani ya Biblia yake. Mzee akamuuzia yule wa gorofa.

Tulihama Jumamosi, kurudi Kianda, chumba na jiko. Wapangaji walikuwa wameongezewa mwezi mmoja kabla ya vyumba kubomolewa. Hakuna aliyeenda kazini asubuhi hiyo. Fundi alifungua kitanda cha mama ubao kwa ubao na kuzifunga skrubu kwenye kitambaa zisipotee. Mama wa samaki alibeba vyombo. Wengine walibeba makochi, godoro, majerikeni, hata ile kalenda. Mama alikaa mbele kwenye pikapu, mimi kando yake.

Dereva alichungulia kwenye kioo, akaona watu wamejipanga getini, wengine wanapangusa macho. "Mathe, hawa wote ni akina nani?"

"Ni watoto wangu," mama akasema.

Dereva hakuwa na faili yoyote mkononi.