Gunia Lenye Matundu Mawili

Juzi nilipita Tetu nikakuta kile chumba cha mabati kando ya kanisa kimekuwa duka la chakula cha ng'ombe. Wee! Nilisimama pale hadi muuzaji akaniuliza kama nimepotea. Rafiki yangu, hapo ndipo palipokuwa na makumbusho yetu, miaka michache baada ya uhuru.

Mwalimu mstaafu ndiye aliyeyaanzisha. Kila Jumamosi akina mama wa kanisa walijitolea kufagia na kupanga vibuyu, mikuki, na vile vipande, vitambulisho vya mkoloni ambavyo wazee wetu walilazimishwa kuvaa shingoni. Chumba kilinuka moshi na ngozi kuukuu. Mimi niliandika vikaratasi vya maelezo, na nilivyojivuna, we acha tu.

Mama jirani hakukosa hata Jumamosi moja. Wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza walipowasaka Mau Mau, mumewe alinyooshewa kidole na mtu aliyefunikwa gunia kichwani, akachukuliwa, asirudi. Alitaka kujua mtu huyo ni nani, basi. "Nikijua, nitapata usingizi," alizoea kusema, na shosho, nyanya yangu, alikuwa akifagia pembe ileile mara mbili.

Siku moja mwalimu akaleta gunia lenyewe, limepatikana darini kwenye kambi ya zamani ya homugadi, wale askari wenyeji wa mkoloni. Lilikuwa na matundu mawili ya macho. Wengine wakatoka nje mmoja mmoja, tukabaki mimi, shosho na mama jirani. Sasa, kwetu kila boma lilishona uzi wa rangi zake kwenye pindo la gunia, mahindi yasichanganyike kwenye kinu cha kusagia. Nikauona uzi mwekundu na wa buluu, nikaruka kwa furaha, mjinga mimi.

"Ni letu! Shosho, si huu ni uzi wetu?"

Shosho alishika ukuta.

"Hebu sema tena, mtoto wangu," mama jirani akasema polepole.

Alilichukua gunia, akashuka moja kwa moja hadi kwetu, sisi nyuma yake. Guka, babu yangu, alikuwa uani akipukuchua mahindi. Mama jirani akamwekea gunia magotini.

Guka hakukana. "Walikuwa wameshika kijana wangu," akasema. "Waliniambia nichague."

Kijana huyo ni baba yangu. Aliachiliwa, akaoa, nikazaliwa mimi. Mama jirani alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akaenda zake.

Makumbusho hayakufunguliwa tena. Mama jirani hakumwambia mtu, nasi tuliishi miaka yote hiyo tukingoja aseme. Alipofariki, watoto wake waliniomba mimi nisome wasifu wake kanisani. Nilipofika mahali palipomtaja mumewe, niliruka mstari.