Siku Niliyojimilikisha Msitu wa Mizinga kwa Kompyuta

Nyie chekeni tu, hata mimi nikiikumbuka siku ile najifunika shuka mpaka usoni. Ilikuwa miaka ya tisini mwishoni, hapa hapa Mpanda, nafanya kazi kwa Dada Anjela, mpima ardhi, yeye ndo alinitoa kwenye kutengeneza redio akaniachia kompyuta nijifunze mwenyewe (darasa la kompyuta sijawahi kuliona hata mlango), kwa hiyo ukimgusa Dada Anjela umenigusa mimi.

Basi mgeni wa wizara katoka Dar kuhakiki mipaka ya kijiji kimoja njia ya Katumba. Akiikubali, msitu wanaotundika mizinga ya nyuki unabaki wa kijiji. Akiikataa, msitu umeondoka, na kazi ya Dada imeondoka. Wazee wamejaa ofisini mpaka madirishani! Ramani nimeichora mimi kwenye skrini, na kwa kuwa mistari mitupu haiwaingii, nikawawekea mapambo, jani la tumbaku kwenye mashamba, na katikati ya msitu mzinga mkubwaaa. Walivyouona tu, "Eee, hapo ndo kwetu!" Na kila pambo nikaliandika jina langu (sifa tu, jamani).

Ikabaki kuihamisha michoro iingie kwenye faili la data, kila eneo na jina la mwenyewe. Dada akaninong'oneza, "Mdogo wangu, chagua mipaka tu, mapambo yaache." Nikamwambia najua. Mara mgeni anamwangalia Dada juu mpaka chini: "Mama, hii kazi umefanya wewe kweli, au kuna mwanaume kakusaidia?"

Weee! Damu ikanipanda, nikasema, "Subiri uone!" nikabonyeza chagua zote, hamisha, diski nikaichomoa nikampa kama namtupia.

Akaifungua kwenye kompyuta yake, anasoma kwa sauti. Kijiji, sawa. Shule, sawa. Akavua miwani. "Deo ni nani?"

"Mimi!" (Tena kifua mbele.)

"Una shamba limeumeza msitu karibu wote. Mbona lina umbo la pipa?"

Yaani kompyuta imeuchukulia mzinga wangu ni ardhi! Ofisi ikalipuka. Mzee mmoja kanyanyua fimbo: "Kumbe mwizi tunamnywesha na chai!" Mama mmoja naye, "Hata mashamba yetu ya tumbaku kajiandikia!" Napiga kelele ni pambo, ni pambo, nani asikie?

Dada akasimama mbele yangu. "Kijana ni wangu, kosa ni langu." Mgeni anafunga kompyuta yake. Mimi niliyetaka kumtetea Dada, ndo nimemponza! Nikapiga magoti, kweli magoti, mbele ya kijiji kizima, namwomba mgeni nirudie. Akakubali kwa shingo upande. Nikachagua mpaka mmoja mmoja, jasho linadondokea vitufe, faili likatoka safi, akapitisha, watu wakashangilia mpaka barabarani!

Hasira bado ninazo, siwadanganyi. Ila niliapa palepale: mtu akimdharau Dada Anjela, kwanza namalizia kazi yake vizuri, ugomvi baadaye.